Taa na Neno Lake

Ukimwuguza bibi yako wa Muheza wiki nzima, mkeka wako chini ya kitanda, taa za mashine zinakuwa majirani. Ya kijani: umeme unaingia. Ikizimika, mashine inakula betri, muite nesi. Ya njano: kuna jambo la kuangaliwa. Nyekundu ya kumweka: hatari!

Usiku wa tatu nyekundu ikawaka, king'ora juu. Oksijeni asilimia 78. Moyo wangu paa! Nesi alipofika hakuanza na mashine, alimtazama bibi: anapumua taratibu, anauliza chai. Ndipo akashika kibanio cha kidoleni. Kinapitisha mianga miwili, mwekundu na mwingine usioonekana, kikipima damu inavyoinyonya. Njia aliyoibuni Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970. Sasa vidole vya bibi vilikuwa baridi, vyeusi kwa piko ya harusi ya binamu yangu! Nesi akasugua kidole gumba cha mguu, akakibana hapo: 96.

"Mdogo wangu," akaniambia, "taa inasema kuna neno. Neno lenyewe analo mgonjwa."

Alfajiri nyekundu ikawaka kitanda cha jirani. Nesi akamtazama yule mzee mara moja tu, akakimbilia mtungi wa oksijeni.