Moto Hupumua

Sisi wa visiwani twaujua moto kwa chungu. Pito, katika uwanda wa juu wa Ufipa, nimeujua kuwa mwenzi wa usiku. Juni na Julai baridi hupenya mifupani, na nyasi ni nyingi kuliko miti. Kwa hiyo nimechagua jiko la mkaa. Lakini makaa mekundu yasiyo moshi ndiyo ya kuogopwa zaidi: sumu yake haina rangi wala harufu, nayo humwua aliyelala. Wahunzi wa zamani wa Kifipa walijenga malungu, tanuri ndefu za chuma zilizovuta hewa kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Walijua moto hupumua. Nami huota moto mlango na dirisha vikiwa wazi. Kabla ya kulala hulitoa jiko nje, nikajifunika blanketi.