Watembezi wa Bonde la Eyasi

Msafiri atokaye Arusha kwenda Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania, hufika kwanza Karatu, mji wenye hewa ya baridi uliozungukwa na mashamba ya ngano na kahawa. Magari ya watalii hayakai sana hapo. Hunywa mafuta na kuendelea kupanda mlima. Lakini iko njia nyingine, isiyo na sifa nyingi, inayoteremka kuelekea kusini-magharibi. Anayeifuata huona nchi ikigeuka mbele ya macho yake. Ubaridi huisha, udongo mwekundu huwa vumbi, mahindi hupungua, na badala yake husimama migunga, vichaka vya miiba na mibuyu minene iliyokwisha kuwa mizee kabla babu zetu hawajazaliwa. Chini kabisa hulala Ziwa Eyasi, ziwa la magadi lisilo na mto wa kulitoa maji yake. Wakati wa masika hujaa, na heroe huja kula kandokando yake. Wakati wa kiangazi hurudi nyuma hata likaacha uwanda mweupe ambao mtu akiutazama adhuhuri hufumba macho. Ng'ambo yake, upande wa kaskazini-magharibi, ukuta wa Bonde la Ufa husimama wima kama boma.

Kituo kikubwa cha bonde hilo ni Mang'ola. Chemchemi zitokazo ardhini zimewapa watu wa huko maji ya kumwagilia, nao wamelima vitunguu hata jina la Mang'ola likajulikana katika masoko ya miji ya mbali. Siku ya mnada hukutana hapo Wairaqw wenye kulima, Wadatoga wenye ng'ombe, Waisanzu waliotoka upande wa Singida, na watu wengi waliofuata kazi ya vitunguu. Wafua vyuma wa Kidatoga huyeyusha na kupondaponda vipande vya chuma kikuukuu, wakatengeneza ncha za mishale. Wanunuzi wao wakubwa ni majirani wasiolima wala kufuga, watu ambao ndio sababu ya makala haya: Wahadzabe.

Hesabu ya Wahadzabe wote ni kama watu elfu moja na mia chache tu. Wako upande wa Mang'ola, wako na ng'ambo ya vilima vya kusini, katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu. Lugha yao ina sauti za kubofya ulimi, na wataalamu wa lugha hawajaipatia ndugu wa hakika. Wengi wao siku hizi huchanganya maisha: wengine hufanya vibarua, wengine hupokea wageni, watoto baadhi wako shuleni. Lakini wamebaki mamia kadhaa ambao sehemu kubwa ya chakula chao bado hutoka porini, nao hukipata kwa njia moja tu, nayo ni miguu.

Asubuhi wanawake huondoka kambini kwa kundi, wenye watoto wachanga wamewabeba mgongoni. Mikononi wana vijiti vigumu vilivyochongwa ncha na kukazwa kwa moto. Huenda mahali wanapojua kuwa pana mizizi, hukaa chini, hugonga ardhi kwa kijiti na kusikiliza, kisha huchimba kati ya mawe. Kazi hii si ya mzaha. Mzizi mwingine hujificha chini ya jiwe ambalo hapana budi ling'olewe kwanza. Hupika baadhi ya mizizi papo hapo kwa moto mdogo, hula, na iliyobaki hubebwa kambini. Majira ya matunda pori huchuma matunda. Majira ya ubuyu huokota ubuyu, wakautwanga mbegu na unga wake pamoja.

Wanaume huenda mbali zaidi, aghalabu mmoja mmoja, na upinde begani. Mshale wenye sumu ya mimea huweza kumwangusha mnyama mkubwa, lakini si mara hiyo hiyo. Mwindaji humfuata nyayo kwa saa nyingi, na mara nyingi hurudi mikono mitupu. Kitu anachorudi nacho mara nyingi kuliko nyama ni asali. Yuko ndege mdogo ambaye hulia na kuruka mbele ya mtu, mti hadi mti, mpaka amfikishe kwenye mzinga. Mtu huwafukuza nyuki kwa moshi na kutwaa asali. Wataalamu walioichunguza desturi hii kwa Wahadzabe wameithibitisha. Si hadithi ya kuwalaza watoto.

Sasa, ndugu msomaji, mtu aliyezoea maisha ya ofisini akiwatazama Wahadzabe hawezi kukosa kuiona miili yao. Ni wembamba na wakakamavu. Mwanamume kwa kawaida ana uzito upatao kilo 50, mwanamke hupungua hapo. Kitambi hakipo. Na mtazamaji huyo, ambaye pengine daktari wa mjini amemwambia apunguze unene, hufikia neno moja upesi: wanatembea sana, ndiyo maana hawanenepi. Basi naye akirudi kwao atanunua viatu vya raba na kutembea kila alfajiri, na baada ya miezi mitatu atapanda mizani akiwa na matumaini makubwa.

Hivyo ndivyo hata mabingwa walivyodhani. Kundi la wataalamu, akiwamo Herman Pontzer wa Marekani na Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda kuipima nguvu ambayo Wahadzabe huitumia kwa siku, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2012. Watu wazima 30, wanaume na wanawake, walikunywa maji yaliyotiwa chembe nzito za haidrojeni na oksijeni, ambazo hazimdhuru mtu. Chembe hizo hutoka mwilini kidogo kidogo. Zile za haidrojeni hutoka kwa maji peke yake; zile za oksijeni hutoka kwa maji na pia kwa hewa tunayoipumua nje. Ukipima mkojo kwa siku kadhaa na kulinganisha kasi za chembe hizo mbili, utajua mtu amepumua nje hewa chafu kiasi gani, na kwa hiyo mwili wake umechoma chakula kiasi gani. Hapana kipimo kilicho bora kuliko hicho kwa watu wanaokwenda na kurudi porini. Miguu nayo ilipimwa kwa vyombo vidogo vya kuonyesha mtu alipopita. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6.

Matokeo yaliwashangaza. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe alitumia kwa siku nguvu ile ile anayoitumia Mmarekani au Mzungu wa mjini anayekaa kitini. Walipopima gharama ya kutembea kilomita moja, ilikuwa sawa na ya watu wengine. Yaani si kwamba Wahadzabe wana mwendo wa ajabu usiokula nguvu. Wanatembea, wanachimba, wanabeba, na jioni hesabu ya mwili inatoka sawa na ya karani.

Maelezo ambayo Pontzer na wenzake wameyatoa yanafanana na hesabu ya mshahara. Mtu mwenye kipato kisichobadilika, kodi ya nyumba ikipanda, hapati fedha mpya. Hupunguza mahali pengine. Mwili uliozoea kutembea kila siku hulipa gharama ya miguu kwa kubana matumizi katika kazi nyingine za ndani zisizoonekana. Wako wataalamu wanaoendelea kubishana juu ya kiasi cha kubana huko, na ubishi huo una haki yake, maana watu 30 si wengi. Lakini jambo kubwa lililotokea bonde la Eyasi halikuanguka: wembamba wa Wahadzabe hauwezi kuelezwa kwa miguu peke yake.

Unaelezwa zaidi na chakula. Mizizi wanayoichimba ina nyuzinyuzi nyingi hata mlaji huitafuna na kutema makapi. Ubuyu na matunda pori hushibisha kabla hayajazidi. Mafuta ya kukaangia hawana, soda hawana, mkate mweupe hawana. Kitu kitamu walicho nacho ni asali, na hiyo wanaila kwa furaha kubwa wakiipata. Lakini mzinga hauko dukani kila asubuhi.

Hesabu za nyumbani hazipingani na habari hizi. Mtu mwenye kilo 70 akitembea saa moja kwa mwendo wa kilomita 5 hutumia kalori zipatazo 250. Lakini 70 kati ya hizo angezitumia hata kama angekaa barazani. Kwa hiyo faida halisi ni kama 180. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori zipatazo 7,700. Atahitaji saa zaidi ya 40 za kutembea, yaani mwezi mmoja na nusu wa saa moja kila siku, na asile hata tonge moja la ziada kwa sababu ya njaa ya mazoezi. Sasa mtazame mtu yule yule anywapo chai. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe, ni kalori kama 150. Akiiacha sukari hiyo amepata karibu faida ile ile ya saa nzima ya barabarani, tena bila kutoka jasho. Na akirudi matembezini na kujipongeza kwa chapati moja nene ya mafuta, ametembea bure kwa upande wa mizani.

Wanaotembea bila kugusa sahani yao kwa kawaida hupungua kilo moja au mbili kwa miezi kadhaa, kisha husimama. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo hasara yenyewe ilipo, kwa maana huacha kutembea wakidhani wamedanganywa. Mama wa nyumbani aliyeambiwa kuwa sukari yake ya damu imeanza kupanda huvua raba zake na kuziweka uvunguni kwa sababu mizani haikusogea, kumbe misuli yake ya miguu ilikuwa imeanza kuivuta sukari ile kutoka katika damu, na mafuta yaliyojificha tumboni kati ya viungo yalikuwa yamepungua hata kama uzito haukubadilika. Mizani haikupewa uwezo wa kuyasema hayo. Tena, mtu aliyekwisha kupunguza uzito kwa kula kidogo huhitaji miguu ili asiurudie. Katika kazi hiyo kutembea kuna nguvu kuliko katika kule kupunguza kwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa kadiri kwa wiki, nalo halikuweka shauri hilo kwa ajili ya kiuno.

Bondeni Eyasi hakuna mwenye haja ya kuhesabu dakika hizo. Wataalamu waliowafungia Wahadzabe vyombo vya kupima mapigo ya moyo waliandika mwaka 2017 kwamba kwa siku moja hupata zaidi ya saa mbili za mwendo wa kasi ya kadiri au zaidi. Pamoja na hayo hupumzika sana, karibu saa 10 za mchana na jioni, ila si kwa kuegemea viti; huchutama au kupiga magoti, na misuli haiachi kazi kabisa. Shinikizo la damu kwao ni la chini, na dalili za maradhi ya moyo ni haba hata kwa wenye umri.

Kutembea namna hiyo kunataka ardhi, na ardhi ndiyo inayopungua. Mashamba ya vitunguu yamepanuka, mifugo imeingia kwenye visima na kukanyaga mahali pa mizizi, wanyama wamesogea. Katika miaka ya 1960 Serikali iliwakusanya Wahadzabe huko Yaeda Chini wawe wakulima. Wengi waliugua na kurudi porini. Mwaka 2011 ilitazama jambo hilo kwa jicho jingine, Wahadzabe wa Yaeda wakapewa hati ya ardhi ya kimila ya pamoja kwa eneo la zaidi ya hekta 20,000. Pale ambapo pori limekwisha, kambi hukaa karibu na barabara na kula unga wa mahindi unaonunuliwa au kutolewa kwa msaada, na safari za mizizi huwa fupi.

Lakini mahali ambapo mizizi ingalipo, wanaoonekana kwanza wakichukua vijiti asubuhi ni mabibi. Watafiti waliokaa nao katika miaka ya 1980 walipima saa za kazi na kukuta kwamba wanawake waliopita umri wa kuzaa walichimba muda mrefu kuliko binti zao wenye watoto wachanga. Mwanamke wa miaka 60 na kitu hutangulia njiani, huinama kati ya mawe, hurudi na mzigo, na jioni huwagawia wajukuu.