Shing'weng'we Mwenye Vifungo Mgongoni

Nilipokuwa mtoto hapa Usagara, mkoani Mwanza, Masala Kulangwa hakuwa na sura. Alikuwa na jina, alikuwa na mama, alikuwa na kisu, na sauti yake ilikuwa ya bibi yangu mzaa baba, aliyetusimulia habari zake jikoni huku akipepeta choroko. Hakuna mtoto aliyeuliza kama alikuwa mrefu au mfupi, au alivaa nini. Kila mmoja wetu alijichorea wake kichwani, akaenda kulala naye.

Kwa wasiolelewa Usukumani, hadithi yenyewe kwa ufupi ni hii. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote duniani, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye rundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Kijana alipopata akili akamuuliza mama yake kwa nini wapo wawili tu, na alipoambiwa kisa chote akaanza kulisaka hilo zimwi. Akaua panzi, akarudi nyumbani akishangilia kwamba Shing'weng'we amekufa. Mama akamwambia huyo ni panzi, mwanangu, tumchome tumle. Akaua ndege, akaua swala, na kila mara mama akamrudisha kwenye ukweli. Mwishowe akalipata zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua mgongo, wakatoka baba yake, jamaa zake na watu wote. Lakini kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi akaja juu, akamtukana, akataka hata kumloga. Masala Kulangwa akatafuta dawa, akamponya, ndipo watu wakamsimika kuwa mtemi. Mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz waliichapa hadithi hii mwaka 1996 katika kitabu chao kuhusu teolojia ya Kiafrika ya masimulizi. Bibi yangu hakukiona kitabu hicho, na hakukihitaji.

Uzi wa kufuma, kwa upande wake, haukuwa na uhusiano wowote na hadithi. Uzi ulikuwa wa sebuleni. Mayu, mama yangu mzazi, alifuma vitambaa vya makochi, vya meza, vya kabati la vyombo, na kimoja cha mviringo cha kufunika redio. Baadaye, vituo vya televisheni vilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994 na wenye uwezo wakaanza kununua seti, vitambaa vilipanda hadi juu ya televisheni. Kroshia yake ya kwanza ilikuwa spoku ya baiskeli iliyosuguliwa juu ya jiwe mpaka ikapata ndoano kichwani, na katika nchi ya baiskeli kama yetu malighafi hiyo haikukosekana. Akimaliza kitambaa alikiloweka kwenye maji ya wanga wa muhogo, akakinyoosha kwa pasi ya mkaa, kikasimama kingo zake kama maua. Binti aliyeolewa bila vitambaa sandukuni alionekana hakulelewa.

Vilikuwa vizuri vile vitambaa, na bado navipenda. Lakini vilikuwa vya mgeni. Mtoto aliyekaa juu yake alifukuzwa, na mwenye mikono ya mafuta hakusogea karibu. Kazi yote ile ya vidole na macho ilifanywa kwa ajili ya mtu atakayekuja kunywa chai na kuondoka.

Sisi watoto wa kike midoli yetu ilikuwa magunzi. Ulichukua gunzi la hindi, ukaliachia nywele zake ikiwa hindi lilivunwa bichi, ukalivika kipande cha khanga iliyochakaa, ukalibeba mgongoni. Mwenye bahati alishonewa mdoli wa nguo aliyejazwa pamba. Pamba ilikuwepo. Tulikuwa nchi ya pamba: wazazi wetu waliiuza kwa Chama cha Ushirika cha Nyanza, na mjini Mwanza kilikuwepo kiwanda cha Mwatex kilichoifanya nguo. Kidogo kilichobaki nyumbani kiliingia kwenye mito na kwenye matumbo ya midoli.

Nikitazama nyuma naona jambo moja ambalo wakati ule sikuliona. Midoli yetu yote ilikuwa watoto wachanga. Tuliibeba, tukainyonyesha, tukaibembeleza. Hakuna aliyekuwa na mdoli wa Masala Kulangwa, wala wa mama yake aliyejificha kwenye makapi, wala wa Sungura tuliyemsikia kwenye kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa ile sauti ya Debora Mwenda iliyonyamazisha uwanja mzima. Mashujaa waliishi masikioni. Mikononi tulipewa ulezi peke yake.

Mabadiliko yaliingia kwa mlango wa televisheni. Mwaka 2014 TBC1 ilianza kuonyesha Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam, ikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Baadaye, kutoka kwa watengenezaji haohao, akaja Akili, msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro na ambaye kila akilala anaingia katika nchi ya ndoto aliko na marafiki zake wanyama. Binti wa kaka yangu alimpenda Akili mapenzi ya kukataa chakula. Akataka awe naye kitandani.

Nikaenda mjini Mwanza, nikazunguka eneo la Makoroboi na maduka ya jirani. Midoli ilikuwepo tele: madubu, wasichana wa plastiki wenye nywele za njano, mingine mipya ya China na mingine ya mitumba. Akili hakuwepo. Nilirudi Usagara nikiwa nimeshaamua kwamba mikono iliyorithi kroshia ya Mayu inaweza kumtengeneza msichana huyo.

Shangazi mmoja wa jirani alinionyesha video kwenye simu. Wajapani wana ufundi wanaouita amigurumi, wa kufuma wanyama na watu wadogo na kuwajaza, na kwa njia ya intaneti umeenea dunia nzima. Niliitazama ile mikono ya mtu nisiyemjua nikashangaa kukuta nakijua karibu kila kitu. Cheni ilikuwa ileile, kitanzi kilekile. Kilichokuwa kigeni ni mwelekeo. Kitambaa cha Mayu kilianza katikati kikatambaa na kulala. Mdoli anaanza katikati, kisha anakataa kulala.

Kichwa huanza na vitanzi sita vilivyokazwa kwenye duara moja. Mzunguko unaofuata, kila kitanzi kinazaa viwili, vinakuwa kumi na viwili. Kisha unaongeza sita kila mzunguko: kumi na vinane, ishirini na vinne, thelathini. Kwa vitambaa ningeendelea hivyo hadi kingo za meza. Hapa ukifika thelathini na sita unaacha kuongeza, unazunguka tu, na kuta zinaanza kuinuka zenyewe, kitu kinakuwa bakuli mkononi mwako. Kisha unapunguza kwa hesabu ileile uliyoongezea, unajaza kabla mdomo haujafunga, na bakuli linakuwa kichwa. Uzi wa rangi nyingine unauchomeka mwanzo wa kila mzunguko ili usipotee. Kroshia inatakiwa iwe nyembamba kuliko uzi unavyoomba, na mkono ukaze, maana kitambaa cha kochi kinapendeza kwa matundu yake, lakini mdoli mwenye matundu hutoa matumbo nje.

Rangi ilikuwa mtihani. Maduka ya nyuzi yanamfikiria mtoto mchanga: nyeupe, pinki, bluu ya maji, njano. Kahawia ya ngozi yetu niliipata kwa fundi anayefuma sweta za shule kwa mashine. Aliniuzia mabaki ya oda. Kwa hiyo Akili wa kwanza wa nyumba yetu ana ngozi ya sweta ya shule. Macho niliyatarizi kwa uzi mweusi, kwa sababu shanga na vifungo vidogo mtoto huving'oa akavimeza. Binti alimpokea, akamtazama uso, akamwita jina lake bila kuambiwa.

Usiku fulani, akiwa naye kitandani, nilimsimulia habari za Masala Kulangwa kama nilivyosimuliwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Shangazi, yeye yukoje?" Miaka yote niliyoijua hadithi ile, swali hilo halikuwahi kunifikia. Nikamwambia nitamfuma, amwone.

Hapo nilijifunza kwamba kumfuma mtu wa hadithi kunakulazimisha umjue. Msimulizi anaweza kusema "kijana" akapita. Kroshia haipiti. Kijana wa miaka mingapi? Miguu mirefu au mifupi? Amevaa nini? Nikamvika kaniki iliyofungwa begani. Nikaona pia kwamba lazima nichague ni Masala Kulangwa wa sehemu gani ya hadithi. Ningeweza kumfuma akiwa mtemi, na duara jeupe kifuani, kwa kumbukumbu ya yale makombe ya pwani waliyovaa watemi wa Usukuma na Unyamwezi. Nilimchagua yule wa mwanzo, mtoto anayerudi nyumbani na panzi wa kijani mkononi, ameridhika kabisa kwamba ameokoa ulimwengu. Nilimpenda kuliko mtemi. Na mama yake nilimfuma pia, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimrudisha kwenye ukweli bila kumvunja moyo.

Shing'weng'we ndiye aliyenipa kazi. Nilimfuma mkubwa, kijivu, mwenye tumbo tupu na mgongo uliopasuliwa toka shingoni hadi mkiani, unaofungwa kwa vifungo vya koti. Ndani yake nikafuma watu wadogo wa urefu wa kidole: baba, wajomba, wachungaji, ng'ombe wawili. Wa mwisho alikuwa bibi kizee mwenye kilemba. Sikio lake moja nililifuma peke yake na kuliwekea tundu, likawa linavaliwa kwenye fundo la uzi lililoshonwa upande wa kichwa. Linatoka, linarudi.

Watoto wa jirani wakajaa. Nilitegemea wagombanie shujaa, na siku ya kwanza ilikuwa hivyo. Lakini kadiri siku zilivyokwenda, aliyegombaniwa alikuwa bibi kizee. Walifungua mgongo, wakawatoa watu mmoja mmoja, wakafika kwa bibi wakalitoa sikio, na hapo mchezo wenyewe ukaanza. Bibi aligomba. Masala Kulangwa aliomba radhi. Wengine walimtuma mbali kutafuta dawa, hadi nyuma ya nyumba, hadi kwenye miembe. Sikio halikurudishwa mpaka bibi aridhike. Mimi niliposimuliwa hadithi hii, sikio lilikuwa kipande kidogo cha mwisho, tulishaanza kusinzia. Wao wamelifanya moyo wake. Wameshika kwa vidole kitu ambacho sikio langu lilikipitia juu juu: aliyekuokoa anaweza kuwa amekuumiza, na kazi yake haijaisha mpaka akuponye.

Baba mdogo hakufurahi mwanzoni. Aliona hadithi ya wazee imegeuzwa midoli ya kizungu. Nilimheshimu, na nilimjibu kwa kumpeleka Bujora, kule Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Pale tulizungumza habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo hadi leo hushindana wakati wa Bulabo mwezi Juni. Katika mashindano hayo wachezaji walitumia pia sanamu za mbao zenye viungo vya kuchezeshwa, ili kuvuta watazamaji upande wao. Wazee wetu walijua siku nyingi kwamba hadithi ikipata mwili, watu husogea. Baba mdogo hakusema mengi njiani tukirudi. Siku hizi, watoto wakikosea mpangilio wa wanyama waliouawa kabla ya zimwi, yeye ndiye anayewasahihisha.

Biashara nayo ilifuata, na yenyewe imebadilika. Usagara ni njia panda: huku Shinyanga, huku Kigongo, na zamani aliyekwenda Sengerema na Geita alipanga foleni ya kivuko. Foleni ile ilikuwa ndefu, na wanawake wengi tuliigeuza saa ya kufuma na ya kuuza. Abiria aliyekaa kwenye basi kwa muda mrefu huwa na nafasi ya kuuliza huyu ni nani, na ukimsimulia, ananunua. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa, kilomita tatu za kuvuka ziwa toka Kigongo hadi Busisi, na foleni ikaisha. Nalishukuru daraja, wajawazito na wagonjwa waliokuwa wakisubiri kivuko usiku wanajua thamani yake. Wateja wangu sasa hunipata kwa simu, na kila mdoli anaondoka na karatasi yenye hadithi yake, kwa sababu mnunuzi wa simu hana muda wa kusimuliwa.

Jumamosi mabinti wa mtaani huja kujifunza. Nawaanzisha na kitambaa, kwa heshima ya Mayu, kisha na kichwa. Sharti langu ni moja: kabla ya kukata uzi, mwenye kufuma aende kwa bibi au babu yake akaulize hadithi ambayo hajawahi kuisikia, na amfume mtu wa humo. Wanarudi na maswali ambayo wazee hawajawahi kuulizwa: alikuwa na kovu, alivaa viatu, alisuka nywele? Wazee wanafikiri, wanajibu, na wakati mwingine wanabishana wao kwa wao. Hadithi zilizokuwa zimelala kwa kukosa wa kuziuliza zimepata wasikilizaji wenye haraka ya kujua rangi ya uzi. Uzi uliofumwa zamani kwa ajili ya mgeni wa sebuleni sasa unafumwa kwa ajili ya mtoto wa nyumbani, na huyo mtoto ndiye atakayeisimulia tutakapokuwa hatupo.