Udongo wa Wenye Mimba Huko Maganzo



Maganzo ni mji mdogo ulio kando ya njia kuu itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, jirani na Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Wengi huujua kwa mawe hayo ya thamani. Mimi nilipopita sokoni, jicho langu lilisimama juu ya udongo: vipande mfano wa vidole, vimekaushwa na kupangwa mafungu juu ya gunia. Huitwa pemba.

Nilimwamkia bibi mwuzaji, "Mwangaluka," kisha nikamwuliza wanunuzi wake ni akina nani.

"Ni wenye mimba, mwanangu. Mke kijana huona haya kumwambia mama mkwe habari yake. Akionekana anatafuna pemba, nyumba nzima imekwisha jua. Tangu siku hiyo hatwikwi kuni nzito, wala hatumwi maji ya mbali."

Maneno hayo yalinipendeza. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura Luqman taabu ya mama achukuaye mimba. Basi kumpunguzia mzigo ni katika wema wa dini.

Lakini udongo wenyewe una hatari. Kaskazini magharibi, huko Geita penye machimbo ya dhahabu, pemba huliwa vile vile. Mwaka 2012 wataalamu waliwauliza wajawazito 340 wa huko, na karibu nusu yao walikuwa wakila udongo. Ulipopimwa, ulikutwa na aseniki, kromi na nikeli. Tena walaji wa udongo mara nyingi huwa na upungufu wa damu, na mwanamke mwenye damu haba akitokwa na damu nyingi wakati wa kuzaa, maisha yake yamo hatarini. Sheria yetu haituruhusu kujidhuru.

Basi mume asimkemee mkewe kwa hamu hiyo, kwani huenda ni dalili ya damu iliyopungua. Na ampeleke zahanati apimwe, apewe vidonge vya kuongeza damu. Na nyumbani amtafutie dagaa, maharage na mchicha.

Nilipomweleza bibi hayo, alicheka. "Nikiacha kuuza, mama mkwe atajuaje?"

Nikamjibu, "Mumewe na aseme."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo wanaume wetu hawajalijaribu."

Tuliwazeni, enyi waume. Huruma ya desturi hii tuishike, na udongo tuuache. Mwenyezi Mungu awasalimishe mama zetu na watoto wao. Amin.