Kinanda cha miaka 300 na mfumo wa zamani

Leo siandiki kuhusu PHP wala hifadhidata. Niko Manchester kwa kazi ya majuma matatu, na Jumapili iliyopita mwenzangu wa ofisini alinipeleka kusikiliza kinanda. Najua mtasema: kinanda tu? Subirini kidogo. Hiki kina habari zinazotufaa sisi tunaoandika programu.

Jumba lenyewe linaitwa Adlington Hall, katika jimbo la Cheshire, kusini mwa Manchester. Ni jumba la mashambani ambalo ukoo wa Legh ulilipata katika karne ya 14. Ukumbi wake mkubwa ulijengwa kati ya 1480 na 1505. Mle ndani mna vigogo viwili vya mwaloni, mizizi yake ikiwa ardhini, vilivyochongwa vikawa nguzo. Kinanda kiko juu, kwenye roshani baina ya vigogo hivyo.

Kwa wale ambao hamjawahi kukiona, kinanda cha mabomba si kile cha umeme mnachokijua kanisani. Hiki kina safu za mabomba ya madini na ya mbao, na upepo wa kuyaliza hutoka kwenye mivukuto. Bomba moja, noti moja. Bomba la futi 8 hutoa sauti nzito. La futi 4 hutoa sauti ileile ikiwa imepanda oktava moja. Hesabu tupu!

Sasa sikilizeni sehemu iliyonifurahisha. Kila kitufe anachobonyeza mpigaji kimeunganishwa kwa vibanzi vyembamba vya mbao hadi kwenye kilango kidogo ndani ya sanduku la upepo. Pembeni kuna vishikio vya kuvuta. Ukivuta kimoja, ubao wenye matundu hutelezeshwa mpaka matundu yakae sawasawa chini ya safu moja ya mabomba. Bomba halilii mpaka kilango kifunguke NA ubao uwe mahali pake. Moja likikosekana, kimya. Wanakodi wenzangu, hiyo ni AND, imeundwa kwa mbao na ngozi, kabla ya tarakilishi kuwazwa.

Kinanda hiki ni cha mwishoni mwa karne ya 17, na wajuzi wanasema ni kazi ya Bernard Smith, fundi yuleyule aliyetengeneza kinanda cha kanisa kuu la St Paul's kule London. Vinanda vya Uingereza vya umri huo ni vichache sana. Mwaka 1644, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge liliamuru vinanda viondolewe makanisani, na vingi vikavunjwa. Vilivyojengwa baadaye vilikutana na adui mwingine, naye ni maendeleo. Katika karne ya 19 mafundi walivipanua vinanda vya zamani, wakaongeza vibao vya kukanyaga kwa miguu, wakabadilisha nguvu ya upepo, wakatoa mabomba ya zamani na kuweka mapya. Kila mteja alitaka toleo jipya.

Hiki cha Adlington kilipigwa enzi za Handel, ambaye aliandika muziki wa wimbo wa uwindaji uliotungwa maneno na mwenye jumba, Charles Legh. Kisha kikanyamaza. Kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyekipiga. Hakuna aliyekihitaji, kwa hiyo hakuna aliyekiboresha. Kupuuzwa ndiko kulikokiokoa. Mwaka 1958 na 1959 fundi Noel Mander alipokuja kukikarabati, alikuta sehemu kubwa ya mabomba ya asili bado ipo. Angeweza kujenga kipya, cha kisasa, ndani ya sanduku la zamani. Badala yake alikirudishia uhai kile kilichokuwapo.

Na sauti je? Nilitarajia ngurumo ya kutikisa madirisha. Wapi! Sauti ni laini, karibu kama watu wanaoongea chumbani. Mpigaji alipiga vipande vya John Stanley, mtunzi wa karne ya 18 aliyepofuka akiwa na miaka miwili na bado akachapisha vitabu vitatu vya muziki wa kinanda, kila kimoja vipande kumi. Kati ya noti na noti nilisikia mbao zikigonga taratibu, tak tak, na upepo ukipumua. Kifaa kinasikika kikifanya kazi.

Ukumbi ulipojaa watu joto lilipanda, na sauti nayo ikapanda. Hii ni fizikia: hewa ikipata joto, mwendo wa sauti huongezeka. Nyuzi 10 za Selsiasi hupandisha bomba kwa karibu theluthi ya nusu toni. Kinanda hakiwezi kutengwa na chumba kilimo.

Hapo ndipo akili yangu iliporudi nyumbani. Kuna chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho mimi ndiye ninayetunza mfumo wake. Aliyeuandika ameshafariki, Mungu amrehemu, wala hakuacha maelezo. Skrini zake ni mbaya, kweli. Kamati inataka uondolewe wote, ununuliwe mpya. Kwenye mkutano wa mwisho mama mmoja anayeuza maziwa aliniuliza: "Kijana wangu, akiba yangu ya miaka hii yote, huko inakohamia itahesabiwa vilevile?"

Hilo ndilo swali. Ndani ya msimbo ule kuna sheria ambazo hazikuandikwa mahali pengine popote: namna wadhamini wanavyoshirikiana deni mkopaji akishindwa kulipa, namna riba inavyosimama mwanachama akifiwa. Wazee walikubaliana kwa mdomo, marehemu akaandika kwa msimbo. Ukiutupa msimbo umetupa makubaliano, na atakayegundua wa kwanza ni yule mama, siku anayoomba mkopo wa karo.

Sisemi kila cha zamani ni dhahabu. Kuna mifumo inayostahili kuzikwa, na mingine nimeizika mwenyewe. Ila kukarabati ni kazi yenye hadhi yake. Fundi huhesabu kwanza kila bomba, husikiliza lipi linalia na lipi halilii, huandika alichokikuta, ndipo aguse. Kilichooza hubadilisha. Kinachofanya kazi hakigusi, hata kama yeye angekitengeneza vingine.

Usiku ule nilikaa nikaandika pendekezo la kurasa nne kwa kamati. Kwanza, tuorodheshe kila sheria iliyomo kwenye mfumo, kwa Kiswahili ambacho wanachama wote watakisoma. Pili, tuandike majaribio yanayothibitisha kila sheria kwa hesabu za kweli. Tatu, tubadilishe skrini, na hesabu zibaki zilivyo. Baada ya hapo, wakitaka kununua mpya wanunue, maana watakuwa na cha kuulinganisha nao.

Kamati inakutana Alhamisi. Huenda wakakataa, kwa sababu mpya hung'aa na muuzaji wake ana tai nzuri kuniliko. Lakini ile orodha nimeshaanza kuiandika, nimefika sheria ya 31. Haya, kazi njema wote.