Kilo 23 za Ngamiani

Kwetu Tanga, begi la mtu anayekwenda ng'ambo halifungwi na mwenyewe. Mwenyewe hununua begi tu. Habari ikishafika msikitini na kwa fundi cherehani kwamba fulani kapata viza, begi linakuwa la mtaa, na kila anayekuja kuaga anakuja na kitu cha kutia ndani.

Mimi niliondoka Januari 2007 kwenda Leicester, mji wa katikati ya Uingereza, kusoma shahada ya pili ya ualimu. Idi ya kuchinja ilikuwa imeangukia mwisho wa Desemba, kwa hiyo ndugu waliokuja kula Idi kutoka Pangani, Muheza na Korogwe hawakuona haja ya kurudi makwao kabla sijapanda basi. Nyumba yetu ya Ngamiani ilijaa watu, chumba changu kikajaa vitu. Mchele. Unga wa sembe. Dagaa waliokaushwa wakakaushwa tena. Pilipili za kusindika kwenye chupa iliyokuwa ya soda. Halua, visheti, korosho. Embe, maana ulikuwa msimu wake, na machungwa ya Muheza nusu gunia, kana kwamba naenda kufungua genge. Ukiuliza sababu, jibu lilikuwa moja kwa wote: huko hamna.

Tiketi ilisema kilo 23 za mzigo wa kupakia, na begi dogo la mkononi.

Aliyetuokoa mwanzo alikuwa jirani yetu, muuguzi mstaafu, tuliyezoea kumwita Mama Nesi. Alikuwa na mizani ya kupimia watoto wachanga, ile ya kutundika yenye uso kama wa saa, ambayo mwisho wake ni kilo 25. Aliitumia siku za kupima watoto mtaani. Tukaitundika kwenye tawi la mwembe uani, wajomba wawili wakainua begi wakalipachika kwenye ndoano. Mshale ukakimbia mpaka 25 ukagota pale pale. Tulijua tumezidi, ila hatukujua kwa kiasi gani. Mama Nesi akavua miwani, akasema, “Mtoto huyu kapita umri wa kliniki.”

Hapo ndipo kazi ya kuacha ilipoanza, nami sikuwa na sauti katika kazi ile. Utamwambiaje mama mdogo aliyekaa juu ya kinu siku nzima akikutwangia binzari kwamba binzari yake inabaki? Humwambii. Unainamisha kichwa unasema ahsante, unaomba atokee mtu mwingine wa kusema hapana. Watu husema ugumu wa kufunga safari ni kujua unachohitaji. Hilo ni jepesi, hata mtoto atakuorodheshea. Ugumu ni kumpata mtu wa kukataa kwa niaba yako ambaye hatanuniwa.

Baba aliifanya kazi hiyo kwa furaha. Alikuwa karani wa mizigo wa reli mpaka alipostaafu. Alianza stesheni ya Tanga enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akaendelea chini ya Shirika la Reli Tanzania baada ya Jumuiya kuvunjika 1977. Mtu aliyepima vifurushi vya wengine maisha yake yote haoni haya ya kufungua cha shemeji yake. Alivuta kiti cha uvivu karibu na begi, akawa anatoa kitu kimoja kimoja, anauliza swali lile lile: “Hiki nani atakitumia, na lini?” Hakuuliza kama huko kipo au hakipo. Alitaka jina la mtumiaji na siku ya kutumia.

Unga wa sembe ukaangukia hapo. Mama alisema nitapika ugali. Baba akauliza, utapika kwa sufuria ipi, kwa mwiko upi, na nani wa kula naye? Mama akanyamaza kwa namna ambayo sote tuliijua, na chakula cha usiku kikachelewa. Mbuzi ya kukunia nazi nayo ikatoka, ingawa mama alikuwa ameifunga meno yake kwa kitambaa kizuri kabisa ili isitoboe nguo. Albamu ya picha ilitoka ikarudi. Baba aliona kwamba uzito wote ulikuwa wa majalada, akachomoa picha, akazitia ndani ya bahasha moja na vyeti vyangu. Kuhusu vyeti hakukuwa na mjadala. Vyeti vya kidato cha nne na cha sita, shahada, cheti cha kuzaliwa, kadi ya manjano ya chanjo, vyote na nakala zake zenye muhuri wa wakili, vilikaa kwenye begi la mkononi, na mkono wenyewe, alisema, usitengane na begi.

Vifurushi vya watu vilikuwa balaa ya peke yake. Mwanafunzi anayekwenda Leicester, kwa watu wa Tanga, anakwenda Uingereza yote. Nilikabidhiwa mzigo wa mtu wa Reading, wa mtu wa Cardiff, na mmoja wa mtu ambaye hata mama yake mzazi hakuwa na hakika kama bado yuko Uingereza au kavuka kwenda Ireland. Vingine vilikuwa vyepesi na vya haki: barua, picha za harusi, kanga ya mzazi aliyejifungua. Vingine vilikuja vimezungushiwa gundi ya karatasi mpaka havina mbele wala nyuma. Baba alivifungua vyote kwa kisu, mbele ya aliyevileta. Kimoja kilikuwa na unga wa kijivu. Aliyeleta akasema ni dawa ya tumbo ya kijana wake. Baba hakubisha. Alikikunja upya, akamrudishia kwa mikono miwili, akasema, “Bwana, mimi nakuamini. Askari wa uwanja wa ndege hakujui.” Miaka ile habari za vijana waliokamatwa nje na dawa za kulevya zilikuwa zinasomwa redioni, na si wote walijua wamebeba nini. Yule bwana aliondoka bila kunywa kahawa. Hakuja kuniaga siku ya safari.

Lakini palikuwa na mtu mmoja ambaye hata Baba hakumuweza, naye ni dada yake. Shangazi alitoka Korogwe na samli lita mbili katika dumu la plastiki, samli ya maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Aliiweka katikati ya begi, akaizungushia sweta zangu, akafunga zipu. Baba aliangalia pembeni. Swali la nani atakitumia na lini halikuulizwa.

Ilibidi Ulaya yenyewe iingilie kati. Mwenzangu wa chuo aliyetangulia alikuwa ameniandikia kwamba tangu 2003 msafiri kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuingia na nyama wala maziwa, wala chochote kilichotokana na maziwa. Chanzo kilikuwa ule ugonjwa wa miguu na midomo wa 2001, ambao Waingereza walichinja zaidi ya mifugo milioni sita kuuzima. Nilimsomea Shangazi barua ile kwa adabu zote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, “Kwa hiyo serikali ya Malkia inaogopa samli?” Nikasema, ndiyo, Shangazi. Akafikiri kidogo. “Basi wana sababu. Samli ya siku hizi si ya kuamini. Hawajaonja hii.” Akatoa dumu mwenyewe, bila kinyongo, akampa mama.

Sitaki kuficha kwamba kuanzia hapo niliipenda sana ile kanuni. Ilikuwa na sifa zote za mzee mwema: iko mbali, haina sura, wala haiwezi kufuatwa nyumbani kwake. Nikaitumia hata pale isipohusika. Embe zilibaki kwa kanuni. Pilipili zilibaki kwa kanuni. Mjomba alipoleta kinyago cha mpingo kizito kama jiwe la kusagia, nikasema sina hakika kama wanaruhusu, na wala sikusema uongo, maana kweli sikuwa na hakika.

Kanuni nyingine ilikuwa mpya kabisa. Agosti 2006 polisi wa London walikuwa wamegundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, na ilipofika Novemba nchi za Umoja wa Ulaya zikapiga marufuku kupanda ndege na chupa ya mkononi inayozidi mililita 100. Mimi nilikuwa nabadilisha ndege Amsterdam. Kwa hiyo marashi na mafuta ya nazi vikatoka begi la mkononi vikaingia kubwa, vikiwa ndani ya mifuko miwili ya rambo na doti ya kanga. Kanga ni kitu ambacho Baba hakukigusa. Nyepesi, inafunga chupa, inatandikwa kitandani, inavaliwa baada ya kuoga, inaswaliwa. Nilibeba doti tano, na kama ningeambiwa niache moja ningeacha viatu.

Likabaki koti. Binamu yangu wa Dar es Salaam alilinunua Karume, kwenye mitumba, la sufu nyeusi, lenye kibandiko cha duka la London. Yaani koti lilikuwa limekuja kwa meli kutoka huko huko, limefunguliwa kwenye belo Ilala, na sasa linarudi kwao kwa ndege. Lilikaribia kilo tatu. Mama alitaka libaki, kwamba nitanunua huko. Baba, kwa mara ya kwanza, alikuwa upande wa kubeba: “Atalitumia nani? Yeye. Lini? Akishuka tu.” Na kwa kuwa mtu hapimwi na nguo zake, nililivaa. Watu waliokuwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam usiku ule wa kaskazi wanaweza kuwa bado wanamkumbuka mwanamke aliyepanga foleni na koti la baridi kali, jasho linamtiririka, mifuko imevimba. Mfuko wa kulia ulikuwa na iliki na karafuu. Wa kushoto ulikuwa na visheti.

Safari yenyewe haina la kusimulia.

Leicester niliikuta na baridi iliyogandisha mafuta yangu ya nazi yakawa meupe kama ile samli iliyobaki. Wiki ya kwanza mwenyeji wangu alinipeleka Belgrave Road. Nadhani aliona uso wangu, maana alicheka kabla sijasema neno. Duka baada ya duka: iliki, binzari, dengu, mihogo, bamia, nazi nzima na nazi za kopo, unga wa mahindi. Muuzaji, Mhindi wa makamo, alinitazama kanga niliyojitanda kichwani akasema kwa Kiswahili, “Karibu dada. Watoka Mombasa?” Nikasema Tanga. “Tanga! Kwenye katani.”

Alizaliwa Jinja. Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 za kuondoka, alikuwa kijana wa shule. Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende Leicester, kwamba nyumba na shule zimejaa. Walikwenda kwa maelfu. Waliruhusiwa kutoka na kama pauni 50 kwa familia, na njia ya kwenda Entebbe ilikuwa na vizuizi vya askari waliokuwa wakipekua na kuchukua wanachokitaka. Nilimuuliza walibeba nini. Mama yake, alisema, alibeba ripoti za shule za watoto wote. Baba yake alikuwa na duka, na kitu alichokiweka chini kabisa ya sanduku lake kilikuwa daftari la madeni, lenye majina ya wateja wa Jinja na kiasi wanachodaiwa. Hakuna aliyewahi kulipa, wala mzee hakutarajia. Nilimuuliza sasa kwa nini alilibeba. Akapima iliki yangu, akafunga karatasi, akasema, “Hesabu ilikuwa haijafungwa.”

Nilimsimulia Baba kwenye simu. Nilitegemea aulize nani atakitumia na lini. Akasema, “Hilo ni sawa kabisa. Karani haachi daftari lililo wazi.”

Ninyi mnaowatuma wasafiri, basi, nawaomba kwa hisani. Leteni kifurushi siku tatu kabla, si asubuhi ya basi. Kije hakijafungwa, tukione, kisha tukifunge pamoja. Kipimwe kwenu kwanza. Na mkiona kimerudishwa, msimnunie msafiri; si yeye aliyekataa.