Taa ya kijani inaweza kukudanganya

Leo tuzungumzie zile programu zinazobisha hodi kwenye tovuti yako kila baada ya dakika kadhaa, na kukutumia ujumbe mlango usipofunguliwa. Uptime Kuma, UptimeRobot na nyinginezo. Wengi huandika anwani ya tovuti, wakaona taa ya kijani, basi. Mipangilio mingine wanaiacha ilivyokuja.

Tuanze na muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Ukikagua kila dakika 5, tovuti inaweza kuanguka kwa dakika 4 na kuinuka tena bila programu kujua lolote. Sasa piga hesabu: mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Anayekuahidi asilimia 99.9 amejiruhusu kulala dakika 43. Anayeahidi asilimia 99.99 ana dakika 4 tu na ushei, na kumpima huyo kila baada ya dakika 5 ni kama kupima dhahabu kwa mizani ya makaa.

Lakini kilichonisukuma kuandika ni aina ya ukaguzi. Mwaka wa 2023 niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo (jina nitaliweka mfukoni). Kwa wiki mbili wanachama walilalamika kwamba hawaoni akiba zao kwenye tovuti. Kampuni iliyohifadhi tovuti ikaleta ripoti: asilimia 100, kijani tupu. Kamati ikaamini ripoti, na dada aliyesimamia kompyuta pale, ambaye alikuwa akisisitiza kwamba mfumo una shida, akaandikiwa barua ya kujieleza.

"Kijana, karatasi haidanganyi," mwenyekiti akaniambia.

"Mzee, nipe siku moja tu."

Nikafungua mipangilio. Ukaguzi ulikuwa wa pingi, yaani kuiuliza seva kama iko hai. Naam, ilikuwa hai, buheri wa afya! Kilichokuwa kikizimia ni hifadhidata, asubuhi watu wanapokuwa wengi. Tukabadilisha ukaguzi uwe wa HTTP, na bado taa ikabaki kijani. Kumbe ukurasa ulikuwa ukiandika "samahani, jaribu baadaye" huku ukirudisha namba 200, ambayo maana yake ni kwamba mambo ni shwari. Ulipaswa kurudisha 500 au 503. Basi tukatengeneza ukurasa mdogo unaosoma akaunti ya majaribio kutoka kwa hifadhidata, na programu ikaambiwa itafute humo neno "Salio". Neno lisipoonekana, piga kelele. Kesho yake saa tatu asubuhi taa ikageuka nyekundu mwenyekiti akitazama. Barua ya yule dada iliondolewa kwenye faili, ingawa sikusikia kwamba aliombwa radhi.

Halafu kuna mahali pa kukagulia. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota Kenya na kwa majirani. Programu iliyoko Marekani, ikikagua tovuti iliyohifadhiwa huko huko Marekani, isingeona tatizo lolote, na mteja wa Nakuru anatazama duara likizunguka. Kagua kutoka sehemu mbili au tatu, moja ikiwa karibu na wateja wako.

Muda wa kusubiri jibu nao usiwe wa pupa. Ukiweka sekunde 2 bila kurudia, utaamshwa usiku na kengele za uongo mpaka uizime simu. Mimi huweka sekunde 15, na programu ijaribu tena mara 2 kabla ya kuniamsha. Kwa duka la mtandaoni nakagua kila dakika 1. Kwa tovuti ya kwaya, dakika 5 zinatosha kabisa.

Na programu yenyewe isikae kwenye seva ile ile unayoikagua. Nimekuta hivyo zaidi ya mara moja: seva inakufa, mlinzi anakufa nayo, na wa kwanza kukupigia simu ni mteja.